Barafu ya kabureta kwenye joto la Mtwara

Ukimwambia mtu wa Mtwara kwamba barafu imeidhoofisha injini ya ndege siku yenye nyuzi 28 za joto, atakushangaa. Lakini kwa ndege ndogo yenye kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli ya injini, kama Cessna 172 za zamani, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokifikiria nguvu ikipungua pwani huku matangi yakiwa bado na mafuta safi.

Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, kasi yake huongezeka na shinikizo hushuka. Papo hapo petroli hugeuka mvuke na kufyonza joto. Mambo hayo mawili yanaweza kuipoza hewa kwa nyuzi 30 na zaidi, na unyevunyevu wa bahari ukaganda kwenye kipepeo, kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Chukua rubani anayeshuka kutoka uwanda wa Makonde kuja Mtwara akiwa amepunguza nguvu. Kipepeo chake kimebakiza mwanya mwembamba tu, na utando mdogo wa barafu unatosha kuuziba.

Kwenye ndege yenye pangaboi lisilobadilika pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kushuka kidogo kidogo bila mkono wa nguvu, yaani wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu, kuguswa. Wengi huusukuma mbele kidogo na kuendelea na safari. Kwa kufanya hivyo wanaificha dalili, na barafu inazidi kujengeka.

Dawa yake ni kuvuta mkono wa joto la kabureta mpaka mwisho, si nusu. Mkono huo huingiza kwenye kabureta hewa ya moto kutoka kwenye kava linalozunguka bomba la moshi. Mizunguko itashuka zaidi na injini itakohoa, kwa kuwa inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Hapo ndipo rubani huogopa na kurudisha mkono, na hilo ndilo kosa linaloniuma kuliko yote: dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi. Avumilie, mizunguko itapanda. Asichelewe pia, kwa sababu injini ikishazima bomba hupoa upesi na joto halipo tena. Joto livutwe kabla ya kupunguza nguvu za kushuka.

Ila kwenye viwanja vya vumbi, kumbuka kwamba hewa hiyo ya moto haipiti kwenye chujio. Jaribu joto la kabureta kabla ya kuruka, kisha lifunge.

Maji kwenye mafuta ni ndugu wa tatizo hili. Pipa la mafuta lililosimamishwa kwenye mvua hukusanya maji juu ya kifuniko, na likipoa usiku huyavuta ndani. Lilaze, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, chini ya usawa wa mafuta. Asubuhi kinga sampuli kwenye kila koki ya kutolea mafuta ya ndege. Maji hukaa chini ya mafuta ya buluu na mstari huonekana, lakini chombo kikijaa maji matupu hakuna mstari wowote. Tazama rangi, nusa.

Nguvu ikiisha kabisa, shusha pua na ushike mwendo wa noti 65 hivi, karibu kilomita 120 kwa saa. Bila upepo, 172 huteleza karibu kilomita 2.8 kwa kila futi 1,000 za kimo. Ikizima mara tu baada ya kuruka, nenda mbele, hata kama mbele ni mikorosho. Kugeuka kurudi hula kimo, na ukilaza ndege nyuzi 45, kasi ambayo bawa huacha kubeba hupanda kwa karibu moja ya tano. Mwendo ukishuka chini ya kasi hiyo, ndege hubingirika ikiwa karibu na ardhi, pasipo nafasi ya kuiokoa.

Barafu huyeyuka kabla mchunguzi hajafika, na kabureta hukutwa kavu na nzima. Kwa hiyo anayefika wa kwanza, akishawatoa majeruhi, asiguse mikono ya chumba cha rubani. Apige picha ulipo mkono wa joto, na aandike saa ya ajali ili ilinganishwe na joto na kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) kilichopimwa uwanjani.