Kahawa ya Kawaida, Mapenzi ya Taifa: Dhana Potofu Kuhusu Tim Hortons, na Somo Lake kwa Vijiwe vya Dar

Mwenye ndugu Toronto au Calgary ameshatumiwa picha ya kile kikombe chekundu cha karatasi kwenye WhatsApp. Mtu aliyekulia Magomeni akinywa kahawa chungu kwa kashata sasa anakwambia siku yake haianzi bila Tim Hortons, ule mtandao wa maduka ya kahawa na donati wa Kanada. Ukimuuliza kama kahawa yake ni tamu kweli, anajibu bila kuona aibu: ya kawaida tu.

Jibu hilo huwachanganya wengi hapa mjini, na kila mmoja hutoa maelezo yake. Mengi ya maelezo hayo si sahihi. Nimeona yafaa kuyapitia, kwa sababu swali la kwa nini kahawa ya wastani hupendwa na nchi nzima linatuhusu sisi wa Dar es Salaam kuliko tunavyodhani.

Dhana: Kikipendwa na taifa zima, basi ni kizuri kupita vyote

Kahawa ya Tim Hortons si mbaya. Kampuni inatumia buni za arabika pekee, na kwa miaka mingi imejinadi kwamba kahawa iliyokaa dakika 20 bila kuuzwa humwagwa, inapikwa nyingine. Lakini wajuzi wa kahawa wa Kanada hawaipi nafasi ya juu, na wateja wake wengi hawagombani nao. Agizo lake maarufu kuliko yote ni "double-double", yaani krimu mara mbili na sukari mara mbili. Ladha ya buni ikishazama kwenye krimu na sukari kiasi hicho, kubishana juu ya uchomaji wake ni kupoteza muda.

Anachonunua mteja ni uhakika. Kikombe cha Halifax ni kile kile cha Vancouver, na kati ya miji hiyo miwili kuna safari ya siku kadhaa kwa gari. Katikati ya Januari, saa 11 alfajiri, barafu imejaa barabarani, mtu anayewahi zamu kiwandani anataka mahali palipo wazi, pana joto, bei haimfanyi ahesabu mara mbili, na kuna dirisha la kuchukulia akiwa ndani ya gari. Kwenye miji midogo mingi duka hilo ndilo la kwanza kuwasha taa. Wazee waliostaafu hukutana humo asubuhi, na wazazi hupitia humo wakiwapeleka watoto kwenye mazoezi ya hoki ya barafuni.

Naenda mbali zaidi: kule kuwa ya wastani ndiko kulikoisaidia. Kahawa kali yenye tabia yake hupata mashabiki na hupata wanaoikataa. Isiyomkera mtu yeyote inanywewa na bosi, dereva wa lori, bibi na mwanafunzi, wote kwenye foleni moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni iliacha kuoka donati zake madukani, ikaanza kuleta zilizookwa nusu kiwandani na kugandishwa. Watu walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Foleni haikupungua.

Dhana: Wanatia kitu ndani

Uvumi kwamba kahawa ile ina nikotini ndiyo maana watu hawaiachi umezunguka Kanada kwa miaka mingi, na umefika hadi hapa. Si kweli, kampuni yenyewe imeukanusha waziwazi. Kinachomrudisha mtu ni kafeini, sukari na mazoea, vitu vitatu ambavyo hata chai yetu ya maziwa inavyo.

Dhana: Ni jina la nyota wa michezo ndilo lililoibeba

Tim Horton alikuwa mtu wa kweli, beki wa hoki aliyetwaa Kombe la Stanley mara nne akiwa na Toronto Maple Leafs. Alifungua duka la kwanza mwaka 1964 mjini Hamilton, mkoa wa Ontario, baada ya kujaribu biashara ya baga. Lilikuwa duka la donati, na kahawa ilikuwa ya kusindikizia. Februari 1974 alifariki kwa ajali ya gari. Wakati huo maduka yalikuwa kama 40 tu.

Aliyeyafikisha kwenye maelfu ni mbia wake Ron Joyce, askari polisi wa zamani wa Hamilton, ambaye mwaka 1975 alinunua sehemu ya mjane wa Horton kwa takriban dola milioni moja. Duka la 1,000 lilifunguliwa mwaka 1995, miaka 21 baada ya kifo cha mwenye jina. Vijana waliokuwa kwenye foleni mwaka huo hawakuwahi kumwona akicheza. Jina lilifungua mlango, hilo sibishi. Lakini wachezaji wengi wamefungua migahawa yenye majina yao na leo hakuna anayekumbuka ilikuwa mtaa gani. Kilichofanya kazi ni Joyce kuwapa watu wa mji mdogo leseni ya kutumia jina, wakaendesha duka kwenye mji wao wenyewe, wakijulikana na kila mtu.

Dhana: Ni matangazo tu, watu wamelishwa

Matangazo yapo, tena ya ustadi. Mwaka 1986 lilianzishwa shindano la kukunjua ukingo wa kikombe cha karatasi kuona kama umeshinda zawadi. Miaka ya 1990 yakaja matangazo ya televisheni yaliyosimulia habari za wateja halisi, likiwemo la bibi mmoja wa Lunenburg, Nova Scotia, aliyepanda mlima kwa mkongojo kila siku kwenda kunywa kahawa yake. Kuna ligi za watoto zinazobeba jina la vidonati vyao. Mwaka 2006 lilifunguliwa duka kwenye kambi ya Kandahar kwa ajili ya wanajeshi wa Kanada waliokuwa Afghanistan, likafungwa 2011.

Wanaosema watu wamelishwa wanasahau kwamba bibi yule alikuwa anapanda mlima kabla kamera haijafika. Tangazo lilikuta tabia ipo, likairudisha kwa watu kama picha yao wenyewe. Kampuni nyingi zina fedha za kutengeneza tangazo la namna hiyo. Zisichokuwa nacho ni bibi huyo.

Dhana: Ni mali ya Wakanada ndiyo maana wanaitetea

Mwaka 1995 Joyce aliiunganisha na Wendy's, kampuni ya baga ya Marekani. Kwa zaidi ya miaka 10, kile kilichoitwa alama ya Kanada kilikuwa chini ya Wamarekani. Mwaka 2006 ikatengana nayo, na mwaka 2009 usajili wake ukarudishwa Kanada. Septemba ya mwaka huo Waziri Mkuu Stephen Harper alikwenda kituo cha kampuni hiyo mjini Oakville kuisherehekea, wakati viongozi wenzake wengi wakiwa New York kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Miaka mitano baadaye, 2014, iliunganishwa na Burger King katika mkataba wa takriban dola bilioni 11 za Marekani, chini ya wawekezaji wa 3G Capital wenye asili ya Brazil.

Watu waliendelea kunywa. Mapenzi ya mteja hayafuati daftari la hisa, nasi tunalijua hilo: bia ya Kilimanjaro inatengenezwa na Tanzania Breweries, ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa kundi la kimataifa la AB InBev, na sijawahi kusikia baa ya Sinza ikiijadili kama kitu cha kigeni.

Dhana: Wakishapenda wamependa

Hapana, na hili wanaofanya biashara walisome vizuri. Januari 2018 mkoa wa Ontario ulipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 11.60 hadi 14 kwa saa. Maduka mawili ya mji wa Cobourg, yaliyomilikiwa na watoto wa waanzilishi wenyewe, yakawaondolea wafanyakazi malipo ya muda wa mapumziko. Watu waliandamana nje ya maduka. Wakati huo huo wenye leseni walikuwa kwenye mgogoro mkali na makao makuu juu ya gharama. Mwaka huo, kwenye orodha ya sifa za kampuni inayotolewa na Leger, kampuni ya kupima maoni ya watu Kanada, Tim Hortons ilianguka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 50.

Tazama kilichowaudhi watu. Donati za kugandishwa hazikuwatoa barabarani. Kumbana binti wa kaunta, ambaye ni jirani yao na anajua wanachokunywa kabla hawajasema, kuliwatoa. Kwangu huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko wowote kwamba kilichopendwa hakikuwa ndani ya kikombe.

Dhana: Kilichofanya kazi kule kitafanya kazi popote

Novemba 2010 Tim Hortons ilifunga maduka 36 kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye majimbo ya Massachusetts, Connecticut na Rhode Island. Kahawa ilikuwa ile ile, kikombe kile kile, hata baridi ni ile ile. Lakini hapo ni nyumbani kwa Dunkin', iliyoanza Quincy, Massachusetts, mwaka 1950. Baba za wenyeji walikuwa wameshazoea kahawa nyingine, ya kawaida vile vile, na hawakuona sababu ya kuhama.

Kwa hiyo nawaambia wanaotamani kuleta jina la nje Dar es Salaam wakitarajia kwamba mapenzi yatakuja kwenye kontena pamoja na mashine: hayaji. Mgahawa wa Masaki unaouza cappuccino kwa maelfu ya shilingi unaweza kuwa mzuri, wenye buni bora za Mbinga au za Kilimanjaro, na naufurahia. Lakini bei yake imeshachagua nani aingie.

Dhana: Dar hatuna kitu kama hicho, kwa sababu Watanzania hawanywi kahawa

Dhana hii ndiyo inayoniuma. Ni kweli zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, na mnada wake mkubwa umekuwa Moshi kwa miaka mingi. Ni kweli majumbani tunakunywa chai kuliko kahawa, na mwenye kahawa nyumbani mara nyingi ana kopo la Africafe kutoka kiwanda cha Tanica, Bukoba. Hayo yakisemwa, watu hufikia uamuzi kwamba hatuna utamaduni wa kahawa mjini. Wamepita wapi?

Pita Kariakoo baada ya alasiri, au Temeke, Ilala, Mwananyamala. Jiko la mkaa, birika juu yake, ndoo ya kusuuzia, vikombe vidogo vya kauri visivyo na mkono, sinia la kashata za karanga na za nazi. Mwingine anatembea na birika lake mkononi akigonganisha vikombe, na watu wa mtaa wanajua ni yeye bila kugeuka. Sarafu ya shilingi 200 inatosha kukukalisha kwenye benchi.

Kahawa yenyewe mara nyingi ni ya daraja la chini, imekaangwa sana, imechemka na kuchemka tena, pengine na tangawizi. Mtaalamu wa kuonja angeikataa. Nayo ina werevu wake: Mkanada ametia utamu ndani ya kikombe, sisi tumeushika mkononi. Asiyependa uchungu anazidisha kashata, anayeupenda anaiacha, na wote wamekaa benchi moja.

Kwenye benchi hilo gazeti moja husomwa na watu wengi, Simba na Yanga hujadiliwa upya kila jioni, bao au drafti huendelea pembeni. Dalali hupata mpangaji, fundi hupata kazi ya kesho, taarifa ya msiba hufika kabla ya simu. Mwezi wa Ramadhani kijiwe huamka baada ya futari na kwenda hadi usiku wa manane. Wagombea nao hulijua benchi hilo: ukifika mwaka wa uchaguzi, huja kukaa na kushika kikombe mbele ya kamera, kama wenzao wa Kanada wanavyopiga picha kwenye kaunta za Tim Hortons.

Tofauti kubwa ni kwamba kijiwe hakina mwenyewe. Hakuna wa kukiuza kwa mabilioni, ila pia hakina hati wala wakili. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za jiji, tuliona jinsi biashara iliyozoeleka kwa miaka inavyoweza kuhama kwa tangazo moja. Manispaa zinapopanga masoko na maeneo ya vituo vya mwendokasi, huacha nafasi ya mabango na ya maegesho. Kivuli, benchi mbili na mahali salama pa jiko la mkaa vingegharimu kidogo sana.

Na kuna jambo ambalo Wakanada wametuzidi, lazima tulikubali. Kwenye meza zao za asubuhi wanawake wamekaa sawa na wanaume. Kijiweni kwetu mwanamke akikaa, mazungumzo hupoa na macho humgeukia, kwa hiyo wengi hununua kashata na kupita. Nesi anayetoka zamu ya usiku Muhimbili saa 1 asubuhi amechoka kuliko wengi waliopo pale, anahitaji kikombe hicho na dakika 10 za kukaa. Sisi tuliozoea lile benchi ndio wa kusogea na kuendelea na habari za Simba na Yanga, naye akiwemo.