Seneta kuasi chama si lazima kubadili matokeo

Wengi huamini kuwa seneta wa Marekani mwenye msimamo wa kati akipiga kura kinyume na chama chake, ndiye kaamua jaji aliyeteuliwa na rais apite au akwame katika Seneti. Tuanze na hesabu: tangu Aprili 2017, jaji wa Mahakama ya Juu hahitaji tena kura 60 kufunga mjadala ili apigiwe kura ya mwisho, wingi wa kawaida unatosha. Kwa hiyo uasi mwingi huja kura zikiwa zimeshatimia. Uasi wa bei nafuu, tuseme. Oktoba 2018, Joe Manchin wa Democratic alitangaza kumuunga mkono jaji mteule Brett Kavanaugh dakika chache tu baada ya Susan Collins wa Republican kukubali. Matokeo: 50 kwa 48. Mwaka 2020 Collins alimkataa Amy Coney Barrett, aliyepita vilevile, 52 kwa 48. Siku nane baadaye Collins akashinda tena kiti chake cha useneta Maine, jimbo alilolichukua Biden wa Democratic katika kura ya urais.