Siku ya tatu si karuho

Mgonjwa wa kiharusi analetwa kutoka Kadutu: mkono mmoja umelegea, mdomo umepinda, lakini bado anawataja watoto wake kwa majina. Familia inashusha pumzi. Siku ya tatu anaitwa, haamki vizuri. Hapo ndipo neno linaanza kuzunguka kwenye korido: karuho, yaani ametiliwa sumu kwa siri. Au sindano ya jana ilikuwa mbaya. Sisi madaktari wa ubongo hapa Bukavu tumelizoea neno hilo, na kosa ni letu pia, maana siku ya kwanza hatuelezi yanayokuja.

Kiharusi hiki, cha damu kuvuja ubongoni, huanza mshipa mdogo unapopasuka, mara nyingi uliochakazwa na tansio (presha ya damu) ya miaka mingi. Damu inajikusanya ndani ya ubongo na kuukandamiza. Hilo ni pigo la kwanza. La pili linatoka kwa mwili wenyewe. Damu inapoganda hutengeneza thrombini, protini ya kugandisha damu inayochokoza seli za ubongo. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga hemoglobini na madini ya chuma, sumu kwa seli za jirani. Mikroglia, walinzi wanaoishi humohumo ubongoni, huamka ndani ya saa chache na kuita chembe nyeupe za damu. Kuta za mishipa zinalegea, maji yanapenya. Hiyo ndiyo inflamesheni. Ukijikwaa kwenye jiwe, kidole kinavimba zaidi kesho yake, na ngozi inatanuka. Fuvu halitanuki. Uvimbe huo hukua kwa kasi siku 2 au 3 za mwanzo, na unaweza kuendelea hadi wiki ya pili.

“Basi mpeni dexa,” yaani deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, familia zinatuambia, na wengine wanakuja nayo mfukoni kutoka famasi. Ilijaribiwa Thailand, matokeo yakatolewa 1987: haikuokoa wagonjwa, ikawaongezea maambukizi. Tena walinzi haohao wanaovimbisha ndio wanaomeza damu iliyoganda na kusafisha mahali. Bado hakuna dawa iliyothibitika ya kuwatuliza bila kuharibu kazi hiyo.

Kwa hiyo tunashughulika na yanayowezekana: tansio ishushwe mapema, homa ipoozwe, sukari ipimwe, kichwa kiinuliwe kidogo. Usimnyweshe uji kabla muuguzi hajahakikisha anameza. Ukiingia mapafuni huleta nimonia. Usimrudishe nyumbani siku ya pili kwa kuwa ameongea. Na akiitika polepole kuliko jana, mwite muuguzi hapohapo, hata saa nane za usiku.