Krismasi bila kujaza dampo: tuanze na sufuria, mti baadae

Kila Krismasi ikikaribia, sisi wa kitengo cha mazingira tunaulizwa swali lilelile, eti mti wa kukata na mti wa plastiki upi bora? Jibu lipo hapo chini, ila kusema ukweli hilo swali linatuchelewesha, maana watu wanabishana wiki nzima juu ya mti halafu kesho yake wanamwaga nusu sufuria ya chakula na hakuna anayeshtuka.

Chakula ndo mzigo wenyewe. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, yaani sio mahotelini wala madukani, ni jikoni kwetu sisi hawahawa. Kikishafika dampo kinafukiwa chini ya taka nyingine, hewa haipiti, bakteria wanakiozesha hukohuko na kutoa gesi ya methani, ambayo ukiipima kwa miaka 100 inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Na hapo bado hujahesabu maji, mbolea, mafuta ya lori na umeme wa friji mpaka kikafika mezani. Nyama ya ng'ombe ndo usiseme, ng'ombe mwenyewe akiwa hai anacheua methani kutwa nzima.

Sasa ufanyeje? Hesabu watu kabla ya kwenda sokoni, hesabu ya kweli sio ile ya "je wakija wengine", maana hiyo ya je wakija ndo inayoishia kwenye pipa. Pakua kidogo, mtu akitaka aongeze, hakuna aibu. Waambie wageni waje na vyombo vyenye mifuniko waondoke na chao. Kinachobaki kiingie friji ndani ya masaa 2, kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, ukikiacha mezani mpaka usiku kitaharibika na utakitupa tu. Maganda ya mboga na matunda tengenezea mboji, nyama na mafuta usiweke humo, utaita panya.

Haya, mti. Carbon Trust, shirika la Uingereza linalopima kaboni, walishapiga hesabu: mti wa plastiki wa mita 2 unasababisha gesi za kupasha dunia joto sawa na kama kilo 40 za kaboni dayoksaidi, wa asili wa urefu huo ukitupwa dampo ni kilo 16 hivi, ila ukichomwa au ukisagwa vipande ni kilo 3.5 tu. Umeona tofauti inatoka wapi? Dampo tena. Kwahiyo kama wa plastiki unao tayari kaa nao, miaka 10 na kuendelea, usiutupe eti umeanza kuwa rafiki wa mazingira, na ukichakaa usiuchome nyumbani maana mingi ni ya PVC, plastiki yenye klorini, moshi wake unaweza kuwa na sumu ya dioksini. Kama huna mti wowote, pamba hata mmea wa kwenye chungu, utaendelea kukua Januari.

Karatasi za zawadi zina jaribio rahisi, ikunje mkononi kama ngumi. Ikibaki imejikunja mara nyingi inarejelezwa, ikijifungua yenyewe ina plastiki ndani. Zenye vumbi la kumetameta ziache kabisa dukani, vile vichembe vingi ni plastiki na vikishaoshwa vinaelekea mtoni. Mimi nafungia zawadi kwenye kitambaa, watoto wanalalamika kidogo kwamba hakuna cha kuchana.

Taa nunua za LED, zinakula chini ya robo ya umeme wa zile balbu za zamani zenye waya unaowaka ndani, ila zizime mkienda kulala. Na midoli ya betri, weka za kuchaji, zilizokufa zikusanye pembeni uzipeleke zinapopokelewa, usizichanganye na mabaki ya chakula.