Bustani ya matunda ya jamii katika shule ya awali: ni nini, na inasimama vipi

Bustani ya matunda ya jamii ni eneo lenye miti ya matunda inayopandwa, kutunzwa na kuvunwa kwa pamoja na watu wanaoishi karibu nayo, bila mti wowote kuwa wa mtu mmoja. Ikianzishwa ndani ya uwanja wa shule ya awali, au ubavuni mwake, hupata kazi ya pili: huwa darasa la nje la watoto wa miaka mitatu hadi sita. Wanaoishughulikia ni walimu, wazazi, majirani na watoto wenyewe, na kinachovunwa ni cha wote.

Ukubwa wa eneo si hoja. Nchini Uingereza, wanaohesabu bustani za matunda za jadi kwa ajili ya uhifadhi huanzia miti mitano, na miti mitano inatosha kabisa kuwapa watoto kazi ya mwaka mzima. Hoja ni nani ataitunza, na kwa miaka mingapi.

Mtoto hukaa shule ya awali miaka miwili, ikizidi sana mitatu. Mwembe uliobebeshwa, yaani mche uliounganishwa na kijiti cha mti mwingine, kwa kawaida huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na ulioota kutoka kwenye kokwa huweza kuchelewa zaidi. Mtofaa uliotokana na mbegu unaweza kuchukua miaka sita hadi kumi. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto wanaofukia mizizi leo watakuwa wamevuka kwenda shule ya msingi tunda la kwanza litakapoiva. Mwalimu naye huhamishwa, mkuu wa shule hubadilika. Wanaobaki ni wenyeji wa mtaa: mzazi mwenye watoto wengine wadogo, bibi na babu wa wanafunzi, jirani wa upande wa pili wa uzio. Bustani inayowategemea walimu peke yao iko hatarini kufa katika likizo ndefu ya kwanza, pale miche bado michanga na hakuna wa kuimwagilia. Ndiyo maana nasema ushirika wa watu ndio unaoibeba bustani hii, na miti inakuja baada yake.

Kuna kisa cha kweli kinacholionyesha jambo hili. Mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell nchini Uingereza, msichana mdogo aitwaye Mary Ann Brailsford alifukia mbegu za tufaha. Mmoja wa miche iliyoota ukawa mti. Yeye akakua, akahama, na mwaka 1846 nyumba yenye mti ule ikanunuliwa na muuza nyama Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana wa kitalu cha miche, Henry Merryweather, akaomba vijiti vya mti ule vya kubebeshea miche mingine. Bramley akakubali kwa sharti kwamba tunda lichukue jina lake. Tufaha la Bramley ndilo maarufu kuliko yote ya kupikia nchini humo hadi leo. Mary Ann alikuwa amefariki tangu 1852. Mti uliopandwa na mtoto ulilelewa na watu wengine, ukaja kuwalisha watu ambao hakuwahi kuwaona. Bustani ya shule ya awali hufanya hayo kwa makusudi: atakayeupokea mti kutoka kwa mtoto anajulikana tangu siku ya kupanda.

Wazo la kumlea mtoto mdogo bustanini lina umri mrefu. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuipa jina la bustani ya watoto mwaka 1840, alitaka kila mtoto awe na kijishamba chake, na pembeni pawe na shamba la wote. Dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walifungua shule yao ya watoto wadogo Deptford, London, mwaka 1914, na humo bustani ilikuwa kitovu cha shughuli za siku nzima. Wazo la bustani za matunda za jamii kwa sura tunayoijua sasa lilipata nguvu kuanzia mwaka 1992, pale shirika la Common Ground la Uingereza lilipohimiza vijiji na mitaa kumiliki miti ya matunda kwa pamoja, wakati bustani nyingi za zamani zilikuwa zinang'olewa.

Wengine huuliza: kwa nini isiwe bustani ya mboga, ambayo hutoa mavuno ndani ya wiki chache? Mboga ni nzuri na hakuna sababu ya kuziacha. Ila mboga huvunwa zikaisha, na kitalu kikarudi kuwa udongo mtupu. Mti hubaki palepale. Mtoto anaurudia ule ule kila siku, anaujua kwa jina, na kila akirudi unakuwa umebadilika kidogo. Isitoshe unatoa kivuli, na kivuli ndicho kinachowawezesha watoto wadogo kukaa nje kwa muda mrefu.

Sasa, kujifunza nje ni nini hasa? Wapo wanaodhani ni somo lilelile la darasani, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina. Sivyo. Chini ya mti somo huanzia kwenye kilichopo asubuhi ile. Mwalimu anawapa watoto uzi wa rangi, kila kikundi kinafunga uzi kwenye kishada kimoja cha maua, kisha kila siku wanakwenda kukikagua. Siku moja petali zinadondoka. Baadaye panabaki kinundu kidogo cha kijani, kinavimba, au kinakauka na kuanguka. Kishada kimoja cha mwembe kinaweza kuwa na maua mamia, hata maelfu, na yanayofika kuwa maembe ni machache mno. Mtoto wa miaka mitano akiliona hilo kwa macho yake atauliza mengine yamekwenda wapi, na swali hilo ni la sayansi kamili, limetoka kinywani mwake bila kufundishwa.

Hesabu nayo imo. Matunda yaliyoanguka yanapangwa kutoka dogo hadi kubwa, yanashikwa mawili mawili, moja kila mkono, ili kujua lipi zito. Yanagawiwa sawa kwa watoto wote, na likibaki moja lazima wakubaliane la kufanya. Maneno huongezeka: gome, kikonyo, chipukizi, utomvu, laini, chachu, bivu. Vidole vinavyookota mbegu ndogo na kufunga kamba vinapata nguvu ileile itakayohitajika kushika penseli. Halafu kuna suala la wakati. Mtoto wa miaka minne haelewi vizuri "mwakani", lakini anaelewa kwamba maua yalipotoka mara iliyopita alikuwa haufikishi mkono wake kwenye lile tawi, na sasa anaufikisha.

Hasara pia ni sehemu ya masomo. Ndege watakula tunda lililokuwa likisubiriwa, na watoto watalia. Naona waachwe walie, kisha waulizwe wangependa kufanya nini msimu ujao: kuweka wavu, kuwaachia ndege mti mmoja, au kuchuma mapema kidogo na kuivishia ndani. Majibu yao yafuatwe kweli. Mtoto aliyesikilizwa kuhusu mti ataulinda.

Haya yote yanahitaji mambo mawili kutoka kwa mwalimu. La kwanza ni kazi ya kweli. Koleo dogo la chuma linalochimba ni bora kuliko la plastiki linalopinda. Mtoto anayekatazwa kugusa hana tofauti na anayetazama picha. La pili ni kutoka kila siku, hata kwa muda mfupi, badala ya kusubiri siku ya mavuno. Kuwa nje kwenyewe kuna faida: utafiti uliofanyika katika shule za msingi za Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, na baada ya miaka mitatu asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati kwa wenzao wasioongezewa ilikuwa asilimia 39.5.

Uchaguzi wa miti hutegemea hali ya hewa, lakini kanuni moja inafaa kila mahali: changanya inayozaa haraka na inayochelewa. Mpapai unaweza kuzaa ndani ya mwaka wake wa kwanza au muda mfupi baadaye. Mpera hauhitaji miaka mingi. Kwenye baridi, stroberi na rasiberi hufanya kazi hiyohiyo wakati mitofaa na mipea ikijijenga. Kwa njia hii kila kundi la watoto linaona angalau mzunguko mmoja mzima, kutoka ua hadi tunda, kabla ya kuondoka, na bado linaachia wanaofuata miti mikubwa.

Uchavushaji, yaani chavua kufikishwa kutoka ua hadi ua, usipofikiriwa mapema bustani hunyamaza miaka bila kuzaa na watu wakaulaumu udongo. Aina nyingi za tufaha haziwezi kujirutubisha. Zinahitaji aina nyingine inayochanua wakati mmoja nazo. Kwa mpapai, kuna miti dume, miti jike na yenye jinsia zote mbili, na mti dume kwa kawaida hauzai. Ua la parachichi lina tabia ya pekee: hufunguka mara mbili kwa siku mbili, mara ya kwanza likiwa jike, ya pili likiwa dume. Aina zilizo katika kundi A hufunguka zikiwa jike asubuhi na dume mchana wa kesho yake. Za kundi B huwa jike mchana na dume asubuhi inayofuata. Ukipanda aina za makundi yote mawili, nyuki wana la kubeba kutoka mti hadi mti. Watoto wakubwa kidogo wanaweza kwenda kukagua ua lilelile asubuhi na mchana na kuona kama limefunguka au limefumba.

Miche ya ardhini iwe iliyobebeshwa, kwa sababu huzaa mapema na tunda lake linajulikana. Mbegu ya tufaha haitoi mti wenye tunda sawa na la mama yake. Parachichi zote za aina ya Hass duniani zinatokana na mti mmoja wa California uliosajiliwa na Rudolph Hass mwaka 1935, na zimeenea kwa kubebesha. Hata hivyo watoto wapewe mbegu waoteshe kwenye makopo. Kuona mzizi ukitoka ni furaha isiyostahili kunyimwa mtoto.

Kupanda kwenyewe ni kazi rahisi. Mwembe wa kawaida unataka mita 8 hadi 10 kutoka kwa mwenzake, mtofaa kibeti mita 2 hadi 3. Shimo liwe pana mara mbili ya fundo la mizizi, kina chake kisizidi fundo hilo, na kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo. Watoto wanaweza kurudishia udongo, kuushindilia kwa miguu, kutandaza majani makavu kuzunguka mche bila kuyagusisha shina, na kumwagilia.

Kuhusu usalama, niseme yale yanayosahaulika. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo kukata vikonyo vya maembe ni kazi ya mtu mzima. Michungwa na milimau mingi ina miiba. Mbegu za tufaha na kiini cha ndani ya kokwa la pichi vina kemikali inayotoa sianidi vikitafunwa. Mbegu moja ya tufaha iliyomezwa nzima haina shida, lakini watoto wazoezwe kuzitema. Zabibu na matunda mengine madogo ya mviringo yakatwe kwa urefu kabla ya kupewa walio chini ya miaka mitano, yasije yakawakaba. Viuatilifu visitumike mahali ambapo watoto huchuma na kula papo hapo. Miti ipogolewe iwe mifupi, ili uchumaji ufanyike kutoka chini bila ngazi.

Lililo gumu zaidi ni makubaliano, na hapa ndipo ningeshauri muda mwingi utumike kabla ya jembe kugusa udongo. Ardhi ni ya nani, na je, kuna ruhusa ya maandishi ya miaka mingi? Shule ikitaka kujenga darasa jipya, miti itakuwaje? Nani anamwagilia wakati wa likizo, wiki kwa wiki, kwa majina? Funguo za geti anazo nani? Majirani wanaingia saa zipi, maana watoto wakiwa uwanjani hakuna mtu mzima anayepaswa kuingia bila shule kujua. Mavuno yanagawiwa vipi: watoto kwanza, waliofanya kazi, au yeyote anayepita? Majibu hutofautiana kutoka mahali hadi mahali na hakuna lililo sahihi peke yake, ila yawepo, yaandikwe, na yasomwe mbele ya wote. Kamati ya watu watano wenye kukutana mara chache kwa mwaka inatosha. Ndani yake awemo angalau mmoja anayejua kupogoa na kubebesha, na mara nyingi mtu huyo ni mzee wa mtaa ambaye hajawahi kuombwa kuingia shuleni. Akiombwa hufundisha watoto na walimu kwa pamoja.

Kila mti upewe kibao chenye namba, na shule iwe na daftari la bustani linalokabidhiwa kutoka kwa mwalimu hadi mwalimu. Humo paandikwe aina ya mti, ulikotoka, tarehe ya kupandwa, kundi la watoto lililoupanda, tarehe za maua na mavuno za kila mwaka, na nani katika mtaa anautunza. Mti ukifa paandikwe pia sababu inayodhaniwa, ili wanaopanda mwingine mahali pale wajue wanaanzia wapi. Michoro ya watoto ibandikwe pembeni ya maandishi, kwa kuwa kwa mtoto asiyejua kusoma hiyo ndiyo kumbukumbu anayoweza kuifungua mwenyewe.