Kabla ya Kushusha Giaboksi ya MX-5 ya Zamani

Miongoni mwa magari ya michezo ya zamani ninayoyahudumia, Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo Wajapani waliifahamu kwa jina la Eunos Roadster, ndiyo ninayoiona ikishushwa giaboksi bila sababu mara nyingi zaidi. Mwenye gari husema kwamba klachi, yaani kiungo kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi, imekwisha, fundi humkubalia, klachi pleti (sahani yake ya msuguano) mpya hufungwa, na baada ya kazi ya siku nzima gia ya kurudi nyuma bado inakwaruza. Chanzo ni kuchanganya hitilafu mbili zisizofanana: klachi inayoteleza, yaani isiyoshika vizuri, na klachi isiyoachia, yaani isiyoitenganisha injini na giaboksi pedali inapokanyagwa.

Inayoteleza ndiyo kwa kawaida iliyolika. Naipima barabarani, kwenye mwinuko usio na magari mengi, nikiwa katika gia ya nne au ya tano, kwa sababu katika gia ndogo mzigo wa injini ni mwepesi na hitilafu hujificha. Nakanyaga mafuta hadi mwisho, kisha natazama kama mshale wa mizunguko unaruka ilhali mwendo hauongezeki. Gari lenye injini ya lita 1.6, gia tano na matairi ya kipimo cha kiwandani linapokwenda kilomita 100 kwa saa katika gia ya tano, injini huzunguka takriban mara 3,200 hadi 3,300 kwa dakika. Mshale ukizidi hapo kwa mamia wakati wa kupanda, na mwendo umethibitishwa kwa GPS ya simu, basi klachi inateleza. Jaribio hili lisirudiwe mara nyingi, kwa kuwa kila mtelezo huunguza klachi pleti na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hiyo hubanwa juu yake.

Hata hivyo, kuteleza si lazima kutokane na kulika. Sili ya oili ya nyuma ya injini ikivuja, klachi pleti nene kabisa hulowa na kuteleza, na mara nyingi gari hutetemeka wakati wa kuondoka. Vilevile, fimbo inayounganisha pedali na klachi masta, silinda ya juu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye klachi, ikirekebishwa hadi ikakosa mwanya wote, mafuta hayo hushindwa kurudi kwenye kikopo chake, na klachi hubaki imekanyagwa kidogo muda wote. Naukagua mwanya huo kwanza, kwa kuwa ni kazi ya dakika chache na haihitaji kugusa giaboksi.

Klachi isiyoachia ina dalili nyingine: pedali huzama, gia ya kwanza inagoma, na ya nyuma inakwaruza hata baada ya kukanyaga klachi na kusubiri sekunde tano. Ikiwa kukanyaga pedali mara tatu nne mfululizo kunaleta nafuu, karibu kila mara tatizo liko kwenye mafuta hayo ya klachi na silinda zake. Silinda ya chini ya MX-5, ile inayosukumwa na mafuta hayo ili kuachia klachi, imefungwa nje, ubavuni mwa giaboksi, na ni maarufu kwa kuvuja. Naifunua mpira wake wa vumbi, na nikikuta unyevu ndani yake, jibu nimelipata. Silinda hiyo hubadilishwa bila kushusha giaboksi, kisha hewa hutolewa kwenye mfumo. Mteja mmoja aliniletea gari lililofungwa klachi mpya kwingine, na mpira huo ulikuwa umejaa mafuta ya breki. Ilinisikitisha, kwa kuwa alilipia kazi kubwa ambayo gari lake halikuihitaji.

Giaboksi ikishashushwa kwa haki, napima kina kutoka uso wa klachi pleti hadi vichwa vya riveti zake. Kikifika milimita 0.3, pleti imefika mwisho, na hapo nabadilisha pia presha pleti (sahani inayoibana klachi pleti), beringi ya klachi na ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili.