Mnyororo wa jQuery: si kila mbinu irudishe this

Vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Tudor, Mombasa, karibu wote huja na imani moja: plagini (nyongeza) nzuri ya jQuery, maktaba ya JavaScript ya kurasa za wavuti, ni ile ambayo kila mbinu (method) yake inarudisha this, yaani kitu kile kile ilichoitwa juu yake. Si kweli, na imani hiyo huharibu kazi nzuri.

Mnyororo, yaani kuita mbinu moja baada ya nyingine kwa nukta, hauna uchawi. Katika $("p").addClass("habari").hide(), hide huitwa juu ya kile kilichorudishwa na addClass. Fanksheni isiyo na return hutoa undefined (yaani hakuna thamani), na mnyororo hukatika papo hapo. Ndiyo maana plagini inayobadilisha kitu humalizia kwa return this.each(...): each hupitia elementi moja moja, kisha hurudisha this. (Ndani ya plagini, this tayari ni kitu cha jQuery, usikizungushie $ tena. Ila ndani ya each, this ni elementi ya kawaida ya ukurasa, isiyo na mbinu za jQuery.)

Lakini mbinu ya kuuliza lazima ijibu. Ukimuuliza muuza mahamri bei, unataka bei, hutaki akukabidhi sinia. jQuery yenyewe ndivyo ilivyo: text("Karibu") huandika na kurudisha kitu kile kile, wakati text() bila chochote hurudisha maandishi, na mnyororo huishia hapo.

Juzi mwanafunzi alileta plagini ya kujumlisha nauli za matatu. Mbinu yake jumla() ilirudisha this, ikambidi aifiche hesabu ndani ya data(), mbinu ya jQuery ya kuhifadhi thamani kwenye elementi, kisha aichimbue tena. Tukafuta mistari 6, tukaandika return jumla. Nambari ikatoka.